Makasia ya Chuo Kikuu, Yakitazamwa kutoka Raskazone

Watu wa Tanga wakisikia habari za mashindano ya kupiga makasia ya vyuo vikuu, aghalabu hutoa kauli moja: watoto wa Sahare, Mwambani na Chongoleani wamelelewa na bahari, kwa hiyo wapewe boti tu, na hao wa Oxford na Harvard watakiona cha mtema kuni. Nimeisikia kauli hiyo barazani kwa wazee, nimeisikia katika chumba cha walimu, na nimeisikia kwenye kikao cha kamati ya michezo ambako ilipigiwa makofi. Naipenda kwa kuwa inatupa sifa, lakini siiamini. Nguvu ya mchezo huu vyuoni imejengwa juu ya utaratibu wa kuwachukua watu wasiojua lolote, mwaka baada ya mwaka, na kuwafanya wapiga makasia kabla hawajahitimu. Utaratibu huo hatunao, na hautakuja ndani ya kontena pamoja na boti.

Nilijifunza mchezo huu ukubwani, nilipokwenda Uingereza kusoma shahada ya uzamili. Chuo kilikuwa katika mji wenye mto, na katika juma la kwanza la mwaka wa masomo vyama vya wanafunzi vilipanga meza zao uwanjani kutafuta wanachama. Kwenye meza ya makasia nilimkuta msichana mrefu, akaniuliza kama nimewahi kucheza. Nilimweleza kwamba mjomba wangu ni mvuvi na kwamba nimepanda ngalawa tangu sijaanza shule. Alitabasamu kwa adabu, akaandika jina langu katika orodha ya wanaoanza, chini ya mwanafunzi wa falsafa ambaye mchezo pekee aliowahi kuucheza ulikuwa sataranji. Miezi michache baadaye mwanafunzi yule wa falsafa alikuwa katika boti ya kwanza ya wanaoanza, nami nilikuwa katika boti ya pili.

Sababu zake zitaeleweka na yeyote anayevijua vyombo vyetu. Ndani ya ngalawa, upepo ukikatika, mtu huketi akitazama omo, yaani mbele ya chombo, na kafi mkononi, kafi ambayo haikushikizwa popote, na nguvu zake hutoka mabegani. Ndubi, yaani mbao zinazoelea pande mbili za chombo, humlinda asipinduke hata akijigeuza kuchukua maji ya kunywa. Katika boti ya mashindano mpigaji huipa omo mgongo. Kasia lake limeshikizwa kwenye mkono wa chuma uliochomoza nje ya ubavu wa chombo, miguu yake imefungwa katika viatu vilivyokazwa kwenye boti, na kiti chake kina magurudumu madogo yanayokwenda mbele na nyuma juu ya reli. Kiti hicho kinachoteleza, ambacho katika mashindano ya Oxford na Cambridge kilitumika kwa mara ya kwanza mwaka 1873, kiliihamisha kazi kubwa ya kuvuta kutoka mikononi kwenda mapajani. Mwili hukunjwa mpaka magoti yakaribie kifua, ubapa wa kasia huzamishwa, miguu husukuma, kisha mgongo hufunguka, na mikono humalizia. Kurudi ni kinyume chake: mikono kwanza, mgongo, halafu magoti, taratibu, ili boti isikatizwe mwendo wake. Mtu aliyekua na kafi huanza kuvuta kwa mikono, na kocha hulazimika kumwondolea mazoea hayo kabla hajamfundisha mapya. Mcheza sataranji hakuwa na mazoea ya kuondolewa.

Bahari ilinisaidia katika mambo mawili, nami siyabezi. Sikuyaogopa maji, na niliweza kuuona upepo ukija juu ya uso wa mto kabla haujatufikia, jambo ambalo wenzangu waliliona kama uganga. Mengine yote niliyakuta mageni.

Usawa wa boti majini ndio ulionishangaza zaidi. Boti ya watu wanane ina urefu wa mita zipatazo 18 na ni nyembamba kiasi kwamba nyonga za mpigaji hujaza upana wake, na kanuni za kimataifa zinataka isipungue kilo 96, maana yake ni kwamba chombo kinachobeba watu tisa chenyewe hakizidi sana gunia moja la mahindi. Hakina ndubi. Kinachokizuia kisipinduke ni makasia yenyewe, yanayopita juu ya maji kwa kimo kilekile, na mtu mmoja akiinua mkono wake kwa upana wa vidole vitatu, wote wanane wanalalia upande na wale wa upande wa chini hawawezi hata kulitoa kasia majini. Kwa miezi ya mwanzo tulipiga makasia wanne wanne, huku wanne wengine wakilaza makasia yao juu ya maji ili kushikilia chombo. Siku ya kwanza tulipovuta wote wanane bila mtu wa kutushikilia tulikwenda mivuto michache tu, kisha tukayumba, na kocha aliyekuwa akitufuata kwa baiskeli ukingoni akatupongeza kana kwamba tumevuka bahari.

Niliporudi nyumbani nilimwonyesha mjomba picha za boti ile. Aliitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama mashua ya mtu mwingine kabla hajasema bei.

"Chombo gani hiki, mwanangu, hakina ndubi na mabaharia wote wameipa omo mgongo? Njia anaiona nani?"

"Anaiona huyu, mjomba, aliyekaa tezi. Yeye havuti, anashika usukani na kutoa amri."

"Basi huyo ndiye nahodha, na hao wengine ni mashine."

Sikumbishia, kwa kuwa amekaribia ukweli. Mshika usukani huwa mtu mwepesi. Katika mashindano ya kimataifa akipungua kilo 55 hubebeshwa uzito wa kufidia. Kazi yake ni kuongoza chombo, kuhesabu mivuto, kuwaambia wanaovuta kile ambacho hawawezi kukiona, na kuwadanganya kidogo inapobidi, kwa mfano kwa kusema imebaki mivuto 20 wakati imebaki zaidi. Kasi ya mashindano huwa mivuto 35 hivi kwa dakika, na mwishoni huzidi. Masafa ya kawaida ni mita 2,000. Rekodi bora ya dunia ya boti ya wanaume wanane, iliyowekwa na Ujerumani mwaka 2017, ni dakika 5 na sekunde 18.68, ambayo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 22 kwa saa bila tanga wala mashine.

Kuhusu historia, wengi wanajua kwamba Oxford na Cambridge walishindana kwa mara ya kwanza mwaka 1829 huko Henley, na kwamba tangu mwaka 1845 mashindano yao kwa kawaida hufanyika London, kutoka Putney hadi Mortlake, umbali wa kilomita zipatazo 6.8. Wasilolijua wengi, na ambalo mtu wa Tanga angelipenda mno, ni kwamba saa ya kuanza hupangwa na maji. Mto Thames pale London hupwa na kujaa kama mkondo wetu wa Pangani, na mashindano huanza maji yakiwa yanajaa, wapigaji wakielekea juu ya mto huku bahari ikiwasukuma kwa nyuma. Mkondo wenye nguvu hupita mahali penye kina kirefu, na mahali hapo si pana, kwa hiyo washika usukani wawili hung'ang'ania mstari uleule, makasia yao yakikaribiana kiasi cha kugongana, huku mwamuzi akiwaonya kwa bendera. Upepo ukipuliza dhidi ya maji yanayojaa, mawimbi huumuka na boti hujaa. Mwaka 1912 boti zote mbili zilizama na mashindano yakarudiwa. Mjomba alipolisikia hilo ndipo alipowapa Waingereza heshima kidogo, kwa maelezo kwamba mtu anayeondoka na maji yakijaa na upepo ukimpinga anajua anachokitafuta.

Marekani ilifuata mwaka 1852, Harvard na Yale waliposhindana katika ziwa Winnipesaukee, jimbo la New Hampshire. Hayo huhesabiwa kuwa mashindano ya kwanza ya michezo baina ya vyuo katika nchi hiyo, kabla ya mpira wa aina yoyote, na gharama zililipwa na watu wa reli waliotaka kuwapata abiria wa kwenda kutazama. Nawakumbusha hilo wale wanaodhani udhamini ni uchafu ulioingia michezoni juzi.

Sasa nifike pale ninapotaka kukaa. Mashindano ya vyuo ya wanawake ya Marekani, yanayosimamiwa tangu mwaka 1997 na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, hayampi kombe mwenye boti moja ya kasi. Kila chuo huleta boti tatu: ya kwanza ya watu wanane, ya pili ya watu wanane, na moja ya watu wanne, kila moja ikiwa na mshika usukani wake. Alama za boti zote tatu hujumlishwa. Chuo chenye nyota wanane na wengine wa kuokoteza hakiwezi kutwaa ubingwa huo, kwa sababu kinahitaji watu 23 wanaokaribiana uwezo, na ili kuwapata 23 kinahitaji wengi zaidi wanaozipigania nafasi hizo asubuhi kwa asubuhi. Watu hao wote hawawezi kutoka shule za sekondari zenye mito na boti, kwa kuwa shule hizo ni chache hata kwao. Ndiyo maana makocha wengi husimama nje ya mabweni katika juma la kwanza la masomo, wakiwatafuta wasichana warefu waliokuwa wakicheza mpira wa wavu, waogeleaji waliochoka na bwawa, na watoto wa mashamba waliozoea kunyanyua mizigo.

Zipo sababu za kisheria zilizoupa mchezo huu watu wengi kiasi hicho, nazo hazina uhusiano na mapenzi ya maji. Sheria ya mwaka 1972 ijulikanayo kama Title IX ilivizuia vyuo vinavyopokea fedha za serikali ya shirikisho kuwabagua wanafunzi kwa jinsia, michezo ikiwemo. Vyuo vyenye timu za mpira wa Kimarekani, ambazo zina wanaume wengi mno, vilihitaji mchezo wa wanawake wenye watu wengi ili kurekebisha hesabu, na makasia yakafaa. Kwa miaka mingi kanuni ziliruhusu kila chuo kugawa ufadhili unaolingana na wa wanafunzi 20 kwa timu ya wanawake ya makasia, wakati makasia ya wanaume hayasimamiwi na NCAA kabisa. Wao wana mashindano yao ya IRA, chama cha makasia baina ya vyuo, yaliyoanza mwaka 1895.

Lakini sheria iliyoandikwa haikutosha. Mwaka 1976 wasichana 19 wa timu ya makasia ya Yale, wakiongozwa na nahodha wao Chris Ernst, waliingia katika ofisi ya msimamizi wa michezo ya wanawake, wakavua nguo zao za mazoezi, na kwenye miili yao palikuwa pameandikwa jina la sheria ile. Malalamiko yao yalikuwa ya kawaida kabisa: baada ya mazoezi ya majira ya baridi walikuwa wakikaa ndani ya basi, wamelowa, wakiwasubiri wavulana waoge, kwa kuwa banda la boti halikuwa na mahali pa wanawake kuogea. Habari hiyo ilichapwa na New York Times, na wanawake wakapata mabafu yao. Najua msomaji wa Tanga atashtuka kwa njia waliyoitumia, nami sipendekezi iigwe hapa. Hata hivyo, nikikumbuka vyuo vyetu ambavyo wasichana hubadilisha jezi nyuma ya kanga zilizoshikwa na wenzao, naona kwamba suala lenyewe, bafu na mlango wenye komeo, halijatuacha mbali.

Wanaonipinga hunitajia Chuo Kikuu cha Washington, ambacho boti yake ya wanaume wanane ilishinda dhahabu katika Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936. Wale, wananiambia, walikuwa watoto wa wakata magogo, wakulima na wavuvi. Je, hiyo si kauli yetu? Kwa sehemu, ndiyo: miili yao ilikuwa imekomazwa na kazi. Lakini walipofika chuoni walikutana na kocha Al Ulbrickson, ambaye aliwapanga na kuwapangua kwa miaka kabla hajaridhika na watu wanane, na walikutana na fundi George Pocock, aliyezijenga boti za mbao ndani ya banda lao wenyewe na kuwapa ushauri kila walipouhitaji. Walipofuzu kwenda Berlin waliambiwa hapana fedha za nauli, na watu wa Seattle wakachanga dola 5,000 kwa siku chache. Mashindanoni walivuta kwenye njia ya pembeni iliyopigwa na upepo, mpigaji aliyewapa wenzake mwendo wa mvuto akiwa mgonjwa, na waliwatangulia Waitalia kwa sekunde 0.6. Ubavu wa kukata magogo ulikuwa mtaji wao, lakini wenye kuufanyia biashara mtaji huo walikuwa kocha, fundi na mji.

Kwetu Afrika mifano inasema hivyohivyo. Sizwe Ndlovu, mmoja wa Waafrika Kusini wanne walioshinda dhahabu ya uzito mwepesi katika Olimpiki ya London ya mwaka 2012, alijifunza makasia akiwa mwanafunzi wa sekondari Johannesburg, mji usio na bahari wala mto wa maana. Kathleen Noble, aliyezaliwa Uganda na kuiwakilisha nchi hiyo katika Olimpiki ya Tokyo, alikuwa mwogeleaji. Makasia aliyaanza baada ya kufika Chuo Kikuu cha Princeton. Asiya Mohamed Sururu wa Mombasa, jirani yetu kabisa, ambaye alipoteza miguu yake katika ajali ya treni utotoni, alikuwa akicheza tenisi ya viti vya magurudumu kabla ya kuiwakilisha Kenya katika makasia ya Paralimpiki huko Tokyo. Katika watu hao watatu, hakuna ambaye bahari ilimfundisha mchezo. Kila mmoja alikutana na mtu aliyemkalisha kitini na kumwelekeza.

Kuelekezwa huko kunachosha, na kwa sehemu kubwa hakufanyiki majini. Wakati wa baridi tulikaa ndani, kwenye mashine za kupigia makasia, zenye mnyororo, gurudumu la upepo na kioo kidogo kinachoonyesha muda ambao mtu angetumia kwenda mita 500. Kioo hicho hakina huruma wala upendeleo. Jaribio la mita 2,000 ndilo linaloogopwa zaidi. Dakika mbili za mwanzo mtu hujiona shujaa, katikati huanza kujiuliza kilichomleta, na mwishoni hasikii chochote isipokuwa sauti ya mshika usukani sikioni. Nimeona mabingwa wa midahalo wakilia pembeni ya mashine ile, nami nimelia.

Hata hivyo mashine haitoshi kumchagulia mtu nafasi, kwa kuwa wapo wenye nguvu za ajabu ambao majini huizuia boti. Kocha wetu alitumia njia ya kubadilishana viti, ambayo naiona kuwa ya haki kuliko zote nilizowahi kuzikuta michezoni. Boti mbili za watu wanne hushindana kwa umbali mfupi, tofauti yake ikapimwa. Kisha husogezwa ubavu kwa ubavu, mtu mmoja wa boti hii hubadilishana na mmoja wa boti ile, wengine wote wakabaki palepale, na mashindano yakarudiwa. Boti iliyoongeza kasi imempata aliye bora. Hapana cha mtoto wa nani wala umbo la nani. Ilikuwa kwa njia hiyo nilipopewa kiti katika boti ya pili, mbele ya msichana mwenye mabega mapana kuliko yangu na muda bora wa mashine kuliko wangu, kwa kuwa mimi nilitoa kasia majini bila kuizuia boti. Pengine hilo lilikuwa jambo la tatu ambalo ngalawa ilinifundisha, ingawa kocha alilihesabu kuwa lake.

Je, Tanga inafaa? Kwa boti zile nyembamba za mita 18, sehemu moja ya mwaka, na alfajiri tu. Ghuba yetu imekingwa vizuri na rasi, Kisiwa cha Toten kimekaa katikati yake, na kabla jua halijapanda, umande ukivuma kidogo kutoka bara, maji ya Raskazone hulala. Kusi likishika, kuanzia Aprili, mawimbi mafupi ya mchana yangezijaza boti zile kabla hazijafika popote. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na ufuko uliokuwa maji asubuhi unakuwa tope na mawe adhuhuri, kwa hiyo ratiba ya mazoezi italazimika kufuata mwezi, jambo ambalo ratiba za vipindi vyetu haziwezi kulivumilia. Mto Pangani ungefaa zaidi kwa utulivu wake, lakini uko mbali na mabweni, na anayekwenda juu sana akumbuke kwamba mamba nao wana mazoezi yao.

Umekuja mlango mwingine, na huo ndio unaonifanya niandike sasa. Olimpiki imeyaondoa makasia ya uzito mwepesi baada ya Paris 2024, yale ambayo watu wenye miili kama yetu waliweza kushindana kwa haki bila kuwa na urefu wa mita mbili, na hilo limenisikitisha. Mahali pake, kwa Los Angeles 2028, pameingizwa makasia ya pwani katika mfumo wa mbio fupi. Mchezaji huanza mchangani, hukimbia hadi kwenye boti inayoshikiliwa na wenzake, hurukia ndani, huvuta mita 250 akizunguka maboya, hugeuza, hurudi mita 250 kwa mstari ulionyooka, huruka majini na kukimbia hadi mwisho. Boti zake ni pana, fupi na nzito. Ya mtu mmoja ina urefu usiozidi mita 6 na uzito usiopungua kilo 35, na imetengenezwa kwa ajili ya mawimbi. Mchezo huo umo pia katika Olimpiki ya Vijana iliyopangiwa Dakar mwaka 2026. Huku kuwahi wimbi, kugeuza chombo upepo ukiwa ubavuni na kurukia ndani bila kukizamisha ni mambo ambayo kijana wa Deep Sea, hapa Tanga, anayafanya kila siku bila kuyahesabu kuwa ujuzi. Kwa mara ya kwanza ile kauli ya wazee wa baraza inakuwa na chembe ya ukweli, japo kiti bado kinateleza na miguu bado ndiyo inayofanya kazi.

Kwa hiyo nikiulizwa na chuo chochote cha hapa kianzie wapi, siwezi kusema boti. Boti mpya ya watu wanane huuzwa makumi ya maelfu ya dola, na ikifika hapa bila banda jua litaimaliza kabla ya wanafunzi. Ningesema mashine mbili za mazoezi, ambazo kila moja huko Marekani huuzwa kwa takriban dola 1,000 kabla ya usafiri na ushuru, ziwekwe katika chumba chenye feni na kufuli. Ningesema jaribio la kuogelea kwa kila anayejiandikisha, kwa maana wapo wanafunzi wengi wa pwani, hasa wasichana, ambao bahari wameitazama maisha yao yote bila kuingia zaidi ya magoti, na kuogelea kwa mavazi yenye stara kunafundishika. Ningesema boti mbili za pwani zilizotumika, na vijana wa ngalawa waajiriwe kuzitunza, kwa kuwa wao wanajua chumvi inavyokula chuma.

Kinachonipa shaka ni kalenda. Shahada nyingi hapa ni za miaka mitatu, na kati ya mwaka na mwaka kuna mafunzo kwa vitendo yanayowatawanya wanafunzi hadi Songea na Kigoma. Anayeanza Novemba anafika Julai akiwa ndiyo kwanza ameacha kuvuta kwa mikono, kisha anaondoka, na mwaka wa tatu anaandika utafiti. Vyuo vya wenzetu hulitatua hilo kwa kuwa na kocha wa wanaoanza peke yao, mwenye mshahara, ambaye kila mwaka hupokea kundi jipya bila kujali wa mwaka jana wamefika wapi. Katika kikao kile kilichopiga makofi nilipendekeza nafasi hiyo iandikwe katika bajeti, hata ikiwa ya muda, na mwenyekiti alijibu kwa upole kwamba kwanza tupate boti, kocha atapatikana miongoni mwa walimu wanaopenda michezo. Nimeandika barua ya kuomba ajenda hiyo irudishwe, na safari hii nimeambatanisha mchanganuo wa mshahara wa kocha wa miaka mitatu, bila boti hata moja ndani yake.